Mikanda ya mpira kwa nyonga na kiuno cha farasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo wanayorudia wenye farasi na masaisi wa Tanga mjini, Pangani na Bagamoyo kila inapoonekana picha ya farasi aliyezungushiwa mpira nyuma ya mapaja. Majibu yanamhusu farasi mzima wa afya, asiyechechemea. Kama wako hayuko hivyo, anzia sehemu ya nne.

## 1. Mambo ya msingi

Mikanda hii inafanya nini hasa?

Ni mikanda miwili ya mpira laini, mipana kiasi cha kiganja, inayonasishwa kwenye kitambaa cha chini ya tandiko. Mmoja unapita chini ya tumbo. Wa pili unatoka ubavu mmoja, unazunguka nyuma ya mapaja na kurudi ubavu wa pili. Farasi akitembea, kila anapovuta mguu wa nyuma mpira unamgusa na kumsukuma kidogo, na misuli inajibu.

Wengi hudhani mpira unafanya kazi kwa kumkinza farasi, kama mtu anayevuta uzito jimu. Sivyo. Mnyama wa kilo 400 au 500 hawezi kukinzwa na kipande cha mpira. Mama anayejifunga kibwebwe kabla ya kutwanga hapati nguvu kutoka kwenye kile kitambaa. Anapata kuhisi kiuno chake kilipo na kukikaza. Farasi naye ni hivyo hivyo. Ukilishika hili, nusu ya maswali yanayofuata utayajibu mwenyewe, hasa lile la kukaza kiasi gani.

Tumbo la farasi linahusiana nini na mgongo wake?

Linahusiana sana. Mgongo wa farasi una pingili 18 zenye mbavu na kwa kawaida 6 za kiuno, na chini yake yananing'inia matumbo mazito yaliyojaa majani na maji. Juu ya mgongo huo unaketi wewe. Kinachozuia usibonyee ni misuli ya tumbo inayovuta kutoka chini, misuli ya nyonga inayoingiza miguu ya nyuma chini ya mwili, na misuli midogo iliyojipanga kandokando ya pingili, ambayo kazi yake ni kuzituliza zisiyumbe ovyo.

Farasi aliyesimama hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Mpandaji akipanda, mzigo wa mbele unaongezeka. Farasi mwenye tumbo legevu na nyonga dhaifu anaishia kujivuta kwa mabega, mgongo umebonyea, kichwa juu. Baada ya miezi utaona shimo nyuma ya tandiko pande zote mbili za uti wa mgongo.

Inasaidia kweli, au ni mbwembwe za Wazungu?

Kuna ushahidi, lakini ni mdogo. Mwaka 2017 watafiti wa Royal Veterinary College ya London walichapisha kazi iliyofanywa kwa farasi 7 waliotumia mikanda hii kwa wiki 4, wakawafunga vipimo mgongoni. Walipokwenda matiti, yaani ule mwendo wa kudunda ambao miguu huenda miwili miwili ya mshazari, migongo yao iliyumba kando na kujiviringa kwa kiasi kidogo kuliko awali. Ni farasi saba tu, na utulivu wa mgongo si kitu kimoja na ukubwa wa msuli. Anayekuambia mikanda hii itampa farasi wako matako ya mviringo kwa mwezi mmoja anauza mikanda.

Msimamo wangu: ni nyongeza nzuri kwa farasi ambaye tayari anatembezwa vizuri. Kwa farasi anayeshinda banda siku sita na kupandwa Jumapili ufukweni, pesa ya mikanda ingenunua majani mazuri.

Farasi gani anafaa?

Aliyepumzika muda mrefu na daktari wa mifugo amesema arudi kazini. Anayejikwaakwaa kwa miguu ya nyuma bila ugonjwa. Anayebonyeza mgongo anapopandwa ingawa tandiko linamkaa sawa. Aliyezoea kuburuza kwato za nyuma mchangani. Hilo utalisoma kwenye nyayo zake, kuna mfereji mdogo mbele ya kila alama.

Chini ya miaka 5 ningesubiri. Pingili za mgongo huchelewa kukomaa kuliko mifupa ya miguu.

## 2. Vifaa na ufungaji

Lazima ninunue seti ya kigeni?

Si lazima, ila uelewe unachokikosa. Seti kama Equiband zinakuja na kitambaa cha tandiko chenye klipu zilizoshonwa kwa pembe sahihi, na klipu hizo zinafunguka haraka. Huko ndiko pesa inakokwenda, maana mpira wenyewe si ghali.

Fundi cherehani mzuri anaweza kukushonea: kitambaa kizito cha tandiko, kamba bapa za mkoba wa shule zilizoshonwa mara tatu, na klipu zinazofyatuka kwa kubonyezwa. Mpira tumia ule wa mazoezi ya tiba unaouzwa kwa mita na watu wa vifaa vya fiziotherapia. Rangi zake zinaonyesha ukali: kwa TheraBand, njano ni laini, kisha nyekundu, kijani, buluu, nyeusi. Kijani au buluu inatosha kwa kuanzia.

Je, tyubu ya baiskeli au mipira ya kufungia mizigo ya bodaboda?

Hapana. Swali hili linakuja kila wiki, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu mara moja.

Mpira wa kufungia mizigo umetengenezwa ili usilegee, wewe unataka unaolegea. Ukiuvuta kidogo ni mgumu, ukiuvuta zaidi unakuwa mgumu maradufu, na hapo farasi anahisi amekamatwa. Farasi aliyekamatwa nyuma hujibu kwa mateke. Pili, ukiukata kwa kisu unaacha ukingo mkali, na ukingo huo ukipita juu ya manyoya yenye jasho na chumvi ya bahari utachubua ngozi kabla hujamaliza mzunguko wa kwanza. Tatu, ule wenye ndoano za chuma mwishoni ukifyatuka unarudi kwa kasi usoni mwa saisi.

Kamba ya katani ndiyo usiitaje kabisa. Tanga tunajivunia mkonge wetu, ila katani haivutiki hata kidogo, na kinachohitajika hapa ni kuvutika.

Mkanda wa nyuma unakaa wapi hasa?

Chini ya ule mfupa uliochomoza wa kitako, juu ya kifundo kilichochongoka cha mguu wa nyuma. Kwa farasi wengi huangukia usawa wa goti la nyuma au chini yake kidogo. Kutoka kwenye tandiko ushuke kwa mshazari, usiende sambamba na ardhi. Ukipanda hadi chini ya mkia, farasi ataubana mkia na kukaza mgongo, kinyume cha unachokitaka. Ukishuka hadi kifundoni, ni mtego.

Mkanda wa tumbo unakaa nyuma ya mshipi wa tandiko, katikati ya tumbo. Kwa dume au maksai, uangalie usirudi nyuma ukagusa ngozi ya uume.

Niukaze kiasi gani?

Asilimia 30 ya urefu wake, si zaidi, na siku za mwanzo hata chini ya hapo. Tumia futi ya fundi cherehani. Pima njia nzima ya mkanda, kutoka klipu ya kushoto, nyuma ya mapaja, hadi klipu ya kulia. Tuseme umepata sentimita 200. Gawa kwa 1.3, unapata kama 154. Huo ndio urefu wa mkanda ukiwa umelegea, ukiacha sehemu ya kufungia. Kwa wiki ya kwanza uache uwe 175 hivi.

Kipimo cha mkono ni hiki: farasi amesimama sawasawa, kiganja chako kiingie kati ya mpira na paja bila kulazimisha, na ukikitoa mpira urudi kugusa manyoya. Usipogusa ni mlegevu. Ukibana vidole ni mkali.

Siku ya kwanza nifanyeje?

Usimfunge mkanda ukampanda. Anza ndani ya uwanja wenye uzio, saisi mmoja kichwani, wewe ubavuni, kamwe si nyuma. Mzoeze kwanza kwa kitambaa au kanga kuukuu: mpitishie mapajani, mguse, uitoe, tena na tena hadi aache kukaza mkia. Kisha mpira ukiwa umelegea kabisa, hatua chache mbele, simama, msifu. Mkanda wa tumbo uje siku nyingine.

Wa nyuma ufungwe wa mwisho na ufunguliwe wa kwanza, siku zote.

## 3. Kazi yenyewe

Muda gani, mara ngapi kwa wiki?

Dakika 5 za mwanzo, mara tatu kwa wiki. Kila wiki ongeza dakika chache kama hakuna uchovu wala ukakamavu kesho yake. Dakika 20 hadi 30 ndiyo kikomo. Ukizifikia baada ya mwezi umefanya haraka ya kutosha. Misuli inayohusika ni ya kutuliza mwili, nayo ikichoka farasi hahemi wala hatoki jasho zaidi, anaanza tu kuyumba. Unatoa mkanda kabla hajayumba.

Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini mgongo wa farasi hauna mwendo huo. Mpe wiki 6 hadi 8 kabla ya kutoa hukumu.

Nimtembeze kwa mwendo gani?

Hatua kwanza, matiti baadaye. Hatua za polepole zenye kukanyaga mbele zina faida kuliko mbio. Mwongoze kwa mkono, umbadilishie mwelekeo, umsimamishe, umrudishe nyuma hatua tatu nne, umpitishe juu ya mirunda iliyolazwa chini. Kumzungusha kwa kamba ndefu kunafaa akishazoea, ila duara liwe pana, mita 15 na zaidi. Shoti na mikanda havichanganyiki.

Naweza kumfanyisha ufukweni?

Unaweza, na sisi wa pwani tuna bahati hiyo, lakini chagua mchanga na saa. Mchanga mkavu wa juu ni mzito, unachosha kano za miguu. Ukiongeza mikanda umempa mizigo miwili kwa wakati mmoja. Mchanga mgumu, wenye unyevu, ambao maji yametoka kupwa, ndio uwanja wake. Siku za bamvua unapata uwanja mpana. Siku za maji mafu utabaki kwenye kipande chembamba chenye mteremko.

Mteremko huo ndio watu husahau. Ufukwe umeinamia baharini, kwa hiyo ukienda upande mmoja tu mguu mmoja wa nyuma unafanya kazi ya juu na mwingine ya chini. Urefu ule ule uliokwenda, rudi nao.

Ndani ya maji vua mikanda. Mpira ukilowa maji ya chumvi unachubua, na wimbi likiuvuta pembeni farasi anaweza kutaharuki.

Joto la hapa je?

Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, jasho halikauki mwilini kwa sababu hewa imejaa unyevu, na farasi hupoa kwa jasho linalokauka. Fanya kazi asubuhi, kati ya saa 12 na nusu na saa 2. Wengine huuliza kwa nini wasianze alfajiri kabisa. Kwa sababu ya usubi: wadudu hao wadogo hueneza maradhi makali ya farasi ya Afrika, na huuma zaidi kuanzia magharibi hadi mapambazuko. Acha jua lichomoze.

Ukimaliza, weka vidole viwili kwenye mshipa unaopita chini ya taya, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Farasi aliyepumzika ana mapigo kati ya 28 na 44 kwa dakika. Baada ya kazi hii nyepesi yanatakiwa kuwa chini ya 60 ndani ya dakika 10 hadi 15. Yasiposhuka, mmwagie maji mwili mzima bila kukoma na umpeleke kivulini penye upepo.

Nitajuaje kama inasaidia?

Piga picha kwa simu, sehemu ile ile, saa ile ile, farasi amesimama miguu minne sawasawa: ubavuni na kutoka nyuma. Rudia kila baada ya wiki mbili. Tazama lile shimo nyuma ya tandiko, mstari wa tumbo, na kama nyonga zote mbili ziko usawa mmoja. Nyayo mchangani nazo zinasema: unyayo wa nyuma unafika wapi ukilinganisha na wa mbele? Ukianza kuukanyaga au kuupita, kuna kitu kimebadilika.

Usitumie mzani wala futi ya tumbo. Farasi anaweza kunenepa bila kupata msuli hata mmoja.

Sina pesa ya mikanda. Kuna njia nyingine?

Ipo, na kwa maoni yangu ndiyo ingefaa kuwa ya kwanza kwa kila mtu: karoti. Za Lushoto zimejaa sokoni, bei haiumizi. Farasi akiwa amesimama sehemu ngumu, mvute kwa karoti alete kidevu kifuani, kisha kati ya magoti ya mbele, kisha chini kati ya vifundo. Halafu ubavuni kwenye mshipi wa tandiko, kwenye nyonga, na kuelekea kifundo cha mguu wa nyuma, kushoto na kulia. Aitafute karoti taratibu, akae hapo sekunde chache, arudi. Akinyakua na kurudi haraka haijahesabiwa.

Mwaka 2011 watafiti Narelle Stubbs na Hilary Clayton na wenzao walionyesha kuwa farasi 8 waliofanya mazoezi ya namna hii, kila mkao mara 5, siku 5 kwa wiki, kwa miezi 3, ile misuli midogo ya kandokando ya pingili ilinenepa. Ni matokeo ya msuli wenyewe, yaliyopimwa kwa altrasaundi. Ongeza mirunda na kilima kidogo cha kupanda kwa hatua, na umepata programu nzima bila klipu hata moja.

## 4. Pale mambo yanapokwenda kombo

Anapiga mateke kila nikifunga mkanda wa nyuma. Nimpige?

Usimpige. Rudi kwenye kanga (tazama *Siku ya kwanza nifanyeje?*). Akiendelea baada ya wiki nzima ya uvumilivu, huyo mikanda si yake, na inawezekana anaumwa mgongo. Wapo farasi wa namna hiyo, na hakuna aibu.

Amechubuka mapajani.

Acha hadi apone kabisa. Kisha tafuta sababu, na mara nyingi ni mojawapo ya hizi: mpira umejikunja ukawa kama kamba, kulikuwa na mchanga kati yake na manyoya, au uliukaza. Suuza mpira kwa maji baridi baada ya kila kazi, uuanike kivulini. Jua letu huula mpira. Ukiona vipasuko vidogo kama vya tairi kuukuu, tupa.

Tangu nianze, anachechemea kidogo au anakataa kwenda matiti.

Toa mikanda leo. Haimtibu farasi mchechemeaji. Inamfundisha kuficha maumivu kwa kutumia misuli isiyohusika. Angalia kwato, tandiko, meno, halafu mwite daktari wa mifugo. Maumivu ya pingili zinazogusana mgongoni hayaonekani kwa macho.

Amedhoofika nyuma ghafla, anayumba kama mlevi. Mikanda itamrudishia nguvu?

Hapana, na hapa usipoteze siku. Farasi aliyepungua nyonga kwa wiki chache, mwenye homa inayokuja na kuondoka, fizi zilizopauka, uvimbe chini ya tumbo au miguuni, fikiria nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mbung'o wapo kwenye vichaka vya ukanda huu, Saadani ikiwemo, na farasi ana kinga ndogo sana dhidi ya vimelea vyake. Mpelelezi Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 akiwa na farasi wawili. Wote wakafa njiani mapema. Misafara iliyotoka mji ule ilibebwa mabegani mwa watu kwa miaka mingi, na mbung'o ni sehemu kubwa ya sababu.

Tanga ina historia yake katika vita hivi: mbung'o dume waliohasiwa kwa mionzi na kuachiwa Unguja miaka ya 1990, hadi kisiwa kikawa hakina mbung'o, walizalishwa hapa mjini. Kwa hiyo utaalamu hauko mbali. Sampuli ya damu ichukuliwe kabla ya dawa.

Akiwa na homa kali, mashimo ya juu ya macho yamevimba na povu linatoka puani, hilo ni tishio la maradhi ya farasi ya Afrika. Hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Joto la kawaida la farasi ni nyuzi 37.5 hadi 38.5, kipimajoto kiwe bandani siku zote.

Jike mwenye mimba?

Mimba ni miezi 11 hivi. Kuanzia mwezi wa saba wa mimba mkanda wa tumbo usitumike. Mkanda wa nyuma hauna maana kwa jike mzito, mtembeze tu. Akishazaa, subiri daktari aseme.

Punda wangu wa kubeba maji je?

Mpira hautamsaidia punda ambaye shida yake ni mzigo. Punguza madumu, weka godoro zuri chini ya shogi, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni, tibu vidonda vya mgongo. Punda mzima anayefundishwa kuvuta mkokoteni anaweza kufanya karoti na mirunda kama farasi, naye hujifunza haraka kuliko watu wanavyomsema.

Mkanda umekatika. Naweza kuunga kwa fundo?

Usiunge. Fundo linakuwa kama kidole gumba kinachobonyeza paja kila hatua. Pima kipande kirefu: kikitosha njia ya tumbo kwa asilimia 30 ile ile, kifanye mkanda wa tumbo. Ukibaki na huo peke yake fanya nao kazi ya hatua tu, hadi upate mpira mwingine wa rangi ile ile. Rangi tofauti upange vipimo upya, maana ukali wake si mmoja.